Barua ya wazi: Afisa wa ustawi wa jamii awe katika timu ya hospisi tangu mwanzo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa wanachama wa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti. Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi wa huduma shufaa hapa Nairobi, huduma ya kutunza na kutuliza maumivu ambayo pia hutolewa na vituo viitwavyo hospisi. Kazi yangu ni kuwahudumia watu ambao maradhi yao hayatarajiwi tena kupona: wenye saratani iliyosambaa, wenye figo au moyo uliochoka, wenye kiharusi kilichowalaza kitandani, na watoto ambao wazazi wao wameshaambiwa ukweli mchungu. Siandiki kwa niaba ya hospitali yoyote wala chama chochote. Ombi langu ni moja, nalo ni kwamba kila timu ya huduma shufaa katika hospitali za umma za jiji hili iwe na afisa wa ustawi wa jamii aliyeajiriwa kwa ajili ya kazi hiyo, na kwamba mgonjwa na jamaa zake wakutane naye juma lile lile wanapoelezwa hali ilivyo, badala ya kukutana naye siku bili inapowashinda.

Kwa sasa mambo hayako hivyo. Katika wodi nilizozifahamu, mgonjwa hupelekwa katika ofisi ya ustawi wa jamii akiwa tayari ameruhusiwa kwenda nyumbani lakini hawezi kutoka kwa sababu ya deni, au jamaa zake hupelekwa huko wakati mwili uko mochari nao wanaomba wasamehewe sehemu ya malipo. Afisa huwauliza maswali, huandika ripoti, na ripoti huenda kwa kamati inayoamua. Ni kazi ya heshima, na maafisa wanaoifanya huibeba kwa moyo. Lakini afisa huyo huyo ndiye anayetafutiwa mtoto aliyetelekezwa katika wodi ya wazazi, mgonjwa asiyejulikana jina aliyeletwa na polisi usiku, na msichana aliyebakwa anayehitaji mtu wa kumsindikiza mahakamani. Mgonjwa wa huduma shufaa, ambaye hapigi kelele wala hatoki damu sakafuni, huwa wa mwisho katika foleni hiyo. Mahakama Kuu ilishaamua mwaka wa 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Tukiendelea kumtumia afisa wa ustawi kama mlango wa kutokea madeni peke yake, tutakuwa tumeichukua taaluma nzima na kuifanya tawi la idara ya fedha.

Niruhusuni nieleze nyumba moja, ambayo mambo yake machache nimeyabadilisha ili wenyewe wasitambulike. Ni chumba cha mabati huko Mukuru, kilichogawanywa kwa pazia. Ndani ya pazia kuna kitanda. Nje kuna jiko la mafuta ya taa, mitungi ya maji, na godoro la watoto ambalo mchana hukunjwa na kuegemezwa ukutani. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Dawa ya maumivu alikuwa nayo, mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne na dozi maradufu wakati wa kulala ili asiamshwe na maumivu usiku. Kipimo kilikuwa sahihi kwa kila hesabu tunayofundishwa. Hata hivyo, kila tulipofika tulimkuta amejikunja, jasho likimtoka, na chupa ambayo ilipaswa kuwa tupu ilikuwa bado nusu. Mazungumzo ya timu yalikuwa yameanza kuelekea kwenye kuongeza kipimo.

Siku hiyo tulikuwa na afisa wa ustawi wa jamii tuliyeazimwa kwa ziara chache. Hakuuliza habari za maumivu. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwamkia mama, akauliza, “Mama, mchana unashinda na nani hapa?” Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nashinda peke yangu, binti yangu. Nikinywa hiyo dawa nasinzia, na mwenye nyumba amesema akikuta hakuna wa kumjibu ataweka kufuli.” Kodi ilikuwa imechelewa. Kwa hiyo mama alikuwa akiruka dozi za mchana ili abaki macho kuulinda mlango, na binti yake mkubwa, mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa ameacha kwenda shule siku ambazo maumivu yalizidi. Hakuna kipimo cha dawa kinachoweza kutibu kufuli. Afisa yule alimtafuta mwenye nyumba kupitia kwa mzee wa nyumba kumi, wakaandikiana makubaliano ya kulipa polepole. Alizungumza na mwalimu mkuu kuhusu binti. Na alimpigia simu dada wa mgonjwa aliyekuwa mashambani, ambaye kumbe hakuwa amekataa kuja, bali hakuwa ameambiwa hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Mama alianza kunywa dozi zake zote. Kipimo hakikuongezwa hata tone moja.

Sielezi haya ili kumsifu mtu mmoja, bali kwa sababu yanaonyesha jinsi huduma hii inavyofanya kazi tangu ilipoasisiwa. Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka wa 1967, alikuwa muuguzi kwanza, kisha akawa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na baadaye ndipo akasomea udaktari. Alikuwa katika kazi hiyo ya ustawi alipokaa na mkimbizi mmoja kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani, hana jamaa, hana kwao, akihangaika kama maisha yake yalikuwa na maana yoyote. Katika mazungumzo yao ndipo wazo la hospisi lilipoanza kukua. Fundisho ambalo Saunders alituachia, kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho kwa pamoja, na kwamba huwezi kuyatuliza ya upande mmoja ukayaacha mengine, si la daktari peke yake. Shirika la Afya Duniani linaifafanua huduma shufaa kwa msingi huo huo, likiwataja mgonjwa na jamaa zake kwa pamoja, na mwaka wa 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa wanachama, Kenya ikiwamo, kuiingiza huduma hii katika mifumo yao ya afya. Hospisi ya kwanza ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1990. Leo tuna sera ya taifa ya huduma shufaa ya mwaka wa 2021 hadi 2030. Kinachokosekana ni mtu wa kuutekeleza ule upande wa jamii kila siku, mwenye dawati, mshahara na nauli.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la familia, kwa kuwa nadhani ndipo wengi walio mbali na vitanda vya wagonjwa wanapodhani mambo yanajiendesha yenyewe. Husemwa kwamba sisi Waafrika tunatunzana, na ni kweli tunatunzana. Nimeona majirani wa Kayole wakipeana zamu ya kumpikia uji mtu ambaye hata kwao hawakujui. Lakini kutunzana hakuji bila migogoro, na mgogoro katika nyumba ya anayekufa hauna muda wa kusubiri. Watoto wakubwa hutukamata kwenye korido na kutuomba, “Sista, tafadhali msimwambie mzee.” Mzee naye, tukibaki naye peke yake, hutuambia kwamba anajua, na kwamba anachotaka ni wanawe waache kuogopa ili aweze kuwagawia maagizo yake. Pande zote mbili zinapendana na zote zinadanganyana kwa upendo, na siku zinakwisha. Muuguzi mwenye wagonjwa wengine wanaomngoja hawezi kuitisha kikao cha familia cha saa mbili, akamsikiliza kaka mkubwa anayetaka shamba liuzwe ili mgonjwa apelekwe India, akamsikiliza mke anayejua kwamba shamba hilo ndilo litakalowalisha watoto, kisha akamrudishia mgonjwa mwenyewe neno la mwisho. Daktari naye hafundishwi hilo. Afisa wa ustawi wa jamii amelisomea, na akiwa katika timu tangu mwanzo, kikao hicho hufanyika wakati mgonjwa bado ana nguvu za kuketi na kusema.

Hapa Nairobi kuna swali lingine, nalo ni la mahali pa kufia. Wakazi wengi wa jiji hili, ambao sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu kuwa karibu milioni 4.4, wana nyumbani kwingine ambako wanatarajia kuzikwa. Familia hujiuliza kama mgonjwa apelekwe Siaya, Vihiga au Kitui angali hai, au abaki hapa karibu na hospitali. Kumsafirisha mtu akiwa na nguvu kidogo ni nafuu mno kuliko kukodi gari la maiti, na kila familia maskini inalijua hilo hata kama haisemi. Lakini mgonjwa akiondoka bila mpango, mofini humwishia njiani au juma la pili baada ya kufika, akafa kwa uchungu katika boma la baba yake. Tuna hospisi Kisumu, Eldoret, Nyeri, Meru na Mombasa, na hospitali kadhaa za kaunti zina vitengo vya huduma hii. Kazi ya kupiga simu huko, kuhakikisha barua ya rufaa imefika, kuuliza ni jamaa gani atakayekuwa akichukua dawa na kwa boda boda ya kutoka wapi, ni kazi ya mtu mmoja kwa siku nzima. Kwa sasa hufanywa na muuguzi wakati wa chakula cha mchana, au haifanywi.

Wengine nao wana haraka ya aina tofauti. Familia ya Kiislamu ya Majengo au Eastleigh hutaka marehemu wao azikwe siku ile ile, pengine katika makaburi ya Kariokor, na mtu akifia nyumbani lazima kifo kiripotiwe kwa naibu wa chifu ndipo kibali cha mazishi kipatikane. Ikiwa kifo kilikuwa kinatarajiwa, hakuna sababu ya familia kuanza kuuliza utaratibu huo alfajiri huku wakilia. Afisa wa ustawi huwaeleza mapema, kwa staha, na huhakikisha kitambulisho cha mgonjwa kinajulikana kilipo.

Nikifika kwenye karatasi, Waheshimiwa, nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine. Mtu hufa akiwaacha watoto wadogo bila cheti cha kuzaliwa, bila mlezi aliyetajwa, na kipande cha ardhi ambacho shemeji zake wameshaanza kukipima kwa macho. Sheria zetu hazikumwacha mikono mitupu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo uliotolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi ikiwa mtoaji atafariki ndani ya miezi mitatu tangu autoe, na mgonjwa wa hospisi mara nyingi yumo ndani ya miezi hiyo mitatu. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inamruhusu mzazi kumteua mlezi wa wanawe kwa wosia au kwa hati ya maandishi. Ni sheria zilizotungwa kana kwamba waliozitunga waliwahi kukaa kando ya kitanda. Lakini mama aliyelala Korogocho hazijui, mumewe hazijui, na mimi muuguzi sina mamlaka wala mafunzo ya kumshauri juu yake. Afisa wa ustawi anaweza kumwita wakili wa kujitolea, akamfikia afisa wa watoto, akaandika kumbukumbu, na akaketi na watoto wenyewe kuwaeleza, kwa maneno ya umri wao, kinachoendelea nyuma ya pazia. Watoto hujua zaidi ya tunavyofikiri. Mvulana mmoja wa darasa la tatu aliniuliza kama mama yake alikuwa mgonjwa kwa sababu yeye alikuwa hali chakula chake shuleni. Alikuwa amelibeba swali hilo kwa muda mrefu, na hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza anafikiria nini.

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii nina neno la pekee. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023 ilibadilisha namna Wakenya wanavyochangia matibabu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hujibu maswali kuhusu nyumba yake, choo chake na nishati anayopikia, kisha hupangiwa kiwango, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambacho hutakiwa kukilipa cha mwaka mzima mapema. Fikirieni dereva wa matatu aliyejibu maswali hayo akiwa mzima na mwenye kazi, na ambaye sasa saratani ya umio imemnyang'anya kazi, uzito na sauti. Kiwango alichopangiwa kinamwelezea mtu ambaye hayupo tena. Sheria hiyo hiyo inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza, lakini ni nani atakayeenda nyumbani kwake, aone hali ilivyo, na kuandika ripoti ya kitaalamu ya kuomba apangiwe upya au alipiwe? Huyo ndiye afisa wa ustawi wa jamii, na ripoti yake inapaswa kupewa uzito katika mfumo wenu. Aidha, malipo mnayoipa hospitali kwa huduma shufaa yasiishie kwenye kitanda, dawa na ushauri wa daktari. Ziara ya nyumbani ya timu yenye afisa wa ustawi ni huduma kamili. Isipotajwa katika orodha ya malipo, hakuna msimamizi wa hospitali atakayeigharamia, hata awe mwema kiasi gani.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii inaweza kufanywa na wahudumu wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 ambao serikali iliwazindua mwaka wa 2023. Nawaheshimu sana, ndio wanaotuonyesha nyumba, na mara nyingi ndio wa kwanza kujua kwamba kuna mtu anateseka nyuma ya mlango fulani. Hata hivyo, mhudumu anayepewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, na ambaye ana kaya nyingi za kutembelea kwa ajili ya chanjo, lishe na wajawazito, hawezi pia kuongoza kikao cha familia iliyogawanyika juu ya shamba, wala hana cheo cha kumwandikia hakimu au afisa wa watoto. Mpeni afisa wa ustawi wa kumpigia simu, na kazi yake mwenyewe itazaa matunda maradufu.

Wapo pia watakaosema kwamba viongozi wa dini wanatosha. Padri, mchungaji na imamu wana mahali pao kando ya kitanda, mahali ambapo hakuna mwingine awezaye kupachukua, nasi huwaita mgonjwa anapotaka. Lakini mgonjwa mwenye aibu juu ya ugonjwa wake, au aliyeachana na kanisa, au mwenye mke wa pili ambaye familia haimjui, hatawaambia. Afisa wa ustawi huambiwa mambo hayo kwa sababu hahukumu, na kwa sababu kanuni za taaluma yake zinamfunga kutunza siri.

Kuhusu fedha, sitajifanya kwamba mshahara wa afisa ni kitu kidogo kwa kaunti yenye madeni. Nitasema tu kwamba gharama ya kutokuwa naye tayari mnailipa. Mnailipa kila mgonjwa anaporudishwa idara ya dharura usiku wa manane kwa sababu nyumbani hakuna aliyefundishwa la kufanya. Kila kitanda kinapokaliwa kwa majuma na mtu ambaye angependa kuwa kwake lakini hakuna aliyetayarisha kwake. Kila deni linapofutwa ilhali lingeweza kuzuiwa kwa kuisajili familia mapema. Na kila mtoto anapoingia katika makao ya watoto ilhali alikuwa na shangazi ambaye hakuna aliyemtafuta.

Kuna upande mmoja zaidi ambao hapa kwetu karibu haupo kabisa, nao ni baada ya mazishi. Nchini Marekani, ambako serikali hulipia huduma za hospisi kupitia mpango wa Medicare, kanuni zinaitaka kila hospisi iwe na timu yenye daktari, muuguzi, afisa wa ustawi wa jamii (au, tangu mwaka wa 2024, mtaalamu wa ndoa na familia au wa afya ya akili) na mshauri, na zinaitaka iendelee kuwashika mkono wafiwa kwa muda wa hadi mwaka mmoja baada ya kifo. Huku kwetu wafiwa wanazungukwa na watu mpaka siku ya mazishi, kisha turubai linakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, na mjane anabaki na bili ya mochari, watoto, na barua kutoka kwa wakwe. Hospisi ya kwanza barani Afrika, ile iliyoanzishwa Harare mwaka wa 1979, imejijengea jina kwa kuwatunza wafiwa, kwa hiyo hatuna haja ya kuambiwa kwamba jambo hili ni la nchi tajiri. Simu moja baada ya mwezi, ziara moja baada ya miezi mitatu, na mtu anayejua dalili za huzuni iliyogeuka ugonjwa, vinaweza kumzuia kijana aliyemuuguza baba yake asiangukie pombe, na vinaweza kumpeleka mjane kwenye ofisi ya msaada wa kisheria kabla hajafukuzwa.

Nisisahau kuwataja maafisa wenyewe. Vyuo vikuu vyetu hufunza ustawi wa jamii kila mwaka, na wapo vijana wenye shahada wanaouza nguo Gikomba wakisubiri nafasi. Hata hivyo, kuhitimu peke yake hakumtayarishi mtu kukaa na anayekufa. Watakaoajiriwa wapewe mafunzo ya huduma shufaa pamoja na wauguzi na madaktari watakaofanya kazi nao, wawe na msimamizi wa kitaaluma anayewasikiliza, na wasipewe wagonjwa wengi hadi kazi ikageuka kujaza fomu. Sisi wauguzi tunajua mzigo huu unavyomla mtu asipopata pa kuutua.

Kwa hiyo naomba haya, kwa unyenyekevu na kwa uwazi. Gavana na Kamati ya Afya watenge nafasi za maafisa wa ustawi wa jamii wa huduma shufaa katika hospitali za kaunti za Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Mama Margaret Uhuru, kila nafasi ikiwa na fungu la usafiri wa kwenda majumbani, maana afisa asiye na nauli atarudi kuwa wa dawatini. Waziri wa Afya aelekeze kwamba hospitali za kitaifa zilizo jijini zifanye vivyo hivyo, na kwamba mwongozo wa utekelezaji wa sera yetu utamke wazi kuwa kitengo kisicho na afisa wa ustawi hakijakamilika. Mamlaka ya Afya ya Jamii iitambue ziara ya afisa huyo, na ufuatiliaji wa wafiwa, katika malipo yake. Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa katika Kifungu cha 43, na haki ya utu wake kuheshimiwa katika Kifungu cha 28. Wala haisemi kwamba haki hizo hukoma daktari anaposema hakuna tiba zaidi.

Karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti hutakiwa kufika katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1. Naomba nafasi hizi zionekane katika nyaraka zote mbili, zikiwa na mstari wake zenyewe, zisifichwe ndani ya fungu la jumla la watumishi ambamo zitapotea kwa urahisi. Katika vikao vya kukusanya maoni ya umma tutakuja, wauguzi, jamaa wa wagonjwa, na wagonjwa wenyewe watakaoweza kuketi, na tunaomba tupangiwe kuzungumza asubuhi, kwa sababu mchana wengi wao huwa wamechoka.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa huduma shufaa,
Nairobi